Kwa mchumaji karafuu kamba, kwa abiria wa bodaboda modeli ya ubongo

Ndugu Mhariri,

Assalaam aleikum. Karafuu zikianza kuiva, habari za watu kuanguka mikarafuuni nazo huanza, na nyuma yake hoja kwamba mchumaji avishwe helmeti. Siku hizi hoja hiyo imeongezewa kipande: itengenezwe modeli ya ubongo ndani ya kompyuta, ituambie helmeti ipi inafaa, kwa mchumaji na kwa abiria wa bodaboda kwa mkupuo mmoja. Sisi tunaoandika hapa tunafundisha fizikia na uhandisi, na modeli za aina hii tunazijua kwa ndani. Tunaomba nafasi ya kusema kuwa mambo hayo mawili hayaendi pamoja. La bodaboda tunaliunga mkono. La mkarafuu tunalipinga, na kulipinga hakuhitaji kompyuta.

Mtu akianguka kutoka mita 8 hufika chini na kasi ya mita 12.5 kwa sekunde, sawa na kilomita 45 kwa saa. Mikarafuu mikongwe hupita mita 10, kwa hiyo mita 8 si kutia chumvi. Sasa tuangalie helmeti ya pikipiki. Kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa huipima kwa kuigongesha kwenye chuma kwa mita 7.5 kwa sekunde, nayo ni kasi ya kuanguka kutoka mita 2.87. Toleo la 06 la kanuni hiyo limeongeza gonga la mita 8.2 kwa sekunde, lakini hata hilo ni la kimo cha mita 3.4 tu. Nishati ya anayeanguka kutoka mita 8 ni karibu mara 2.8 ya ile ya gonga la mita 7.5.

Foromu ya ndani ya helmeti tuipe sentimita 2.5 za kubanika kabla haijakwama. Kwa gonga la maabara, kichwa kinasimamishwa kwa wastani wa mara 115 ya mvutano wa dunia. Kwa mita 8, wastani unaruka hadi mara 320, wakati kilele kinachoruhusiwa na kanuni ni 275. Mtu atasema udongo wa Pemba ukilowa ni laini. Haya, tuongeze sentimita 2 za udongo: wastani unashuka hadi 178, lakini kilele cha kweli huwa juu ya wastani, na shingoni bado kuna kiwiliwili kizima kinachokuja nyuma ya kichwa. Tena chini ya mkarafuu kuna mizizi. Kinachomfaa mchumaji ni mkanda wa mwili uliofungwa kwa kamba kwenye tawi nene au shina, juu ya kiuno chake, kamba iwe fupi kiasi kwamba akiteleza asishuke zaidi ya nusu mita. Pesa za modeli zinunue kamba. Helmeti ivaliwe kwa ajili ya matawi yanayovunjika na ngoe zinazodondoka, kazi ambayo inaiweza.

Bodaboda ni habari nyengine. Kasi nyingi za kuanguka kutoka kwenye pikipiki, zikihesabiwa upande wa kwenda chini, zimo ndani ya uwezo wa helmeti, kwa sababu kichwa cha mtu aliyekaa hakipiti sana mita moja na nusu kutoka ardhini. Tatizo ni kasi ya kwenda mbele. Lami inakikamata kichwa kwa chini huku mwili bado unasonga, na kichwa kinazungushwa. Hapo ndipo modeli inapoleta jambo ambalo hesabu ya mistari miwili haileti.

Chukua bakuli la faluda iliyoganda vizuri. Lisukume mezani kwa mstari ulionyooka, faluda itakwenda nalo bila taabu. Lizungushe ghafla, utaona ukingo umefuata bakuli na katikati imebaki nyuma, na kama umezidisha itachanika. Mwaka 1943 mwanafizikia wa Oxford, Holbourn, alifanya jambo hilo hilo kwa jelatini na kulieleza katika jarida la Lancet: ubongo haukubali kubanwa lakini unakubali kwa urahisi mno kusukumwa kombo, basi kinachouumiza zaidi ni mzunguko. Hata hivyo kipimo cha HIC, yaani kigezo cha jeraha la kichwa, kinachotumika mpaka leo kwa magari na helmeti, kinasoma mchapuko (kasi inavyobadilika) wa mstari peke yake. Toleo la 06 la kanuni namba 22 ndilo lililoleta gonga la mshazari, kwa mita 8 kwa sekunde kwenye chuma kilichoinamishwa nyuzi 45, na kuweka kikomo cha mchapuko wa mzunguko. Helmeti zenye alama ya 05 hazikupimwa kwa mtihani huo. Mnunuzi anaweza kulisoma hilo mwenyewe kwenye kitambaa kilichoshonwa ukandani.

Namba zinaeleza vizuri zaidi kuliko faluda. Ugumu wa ubongo dhidi ya kubanwa ni kama wa maji, paskali bilioni 2.1. Ugumu wake dhidi ya kwenda kombo ni paskali elfu moja hivi, ukiongezeka kadiri unavyosukumwa kwa kasi. Uwiano ni milioni mbili kwa moja. Kwa hiyo mshindo wa mbano unasafiri ndani ya ubongo kwa mita 1,400 kwa sekunde na kukivuka kichwa kwa sehemu ya kumi ya milisekunde, ilhali wimbi la kombo linatembea mita 1 au 2 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayekwenda sokoni. Kutoka ukingoni hadi katikati, sentimita 7, linachukua milisekunde 35 hadi 70.

Hapa tunakaa kidogo, kwani ndipo tunapoona kazi nyingi zinaharibika. Gonga lenyewe huisha ndani ya milisekunde 10 au 20. Mwanafunzi anatazama mchoro wa mchapuko, anaona umerudi sifuri, anasimamisha hesabu. Ubongo wake umesimamishwa ukiwa bado njiani. Mnyooko, yaani kiasi tishu inavyovutika kulinganisha na urefu wake, huwa mkubwa kabisa katika sehemu za ndani baada ya gonga kwisha, na yeye ameukata. Ripoti inatoka nzuri, helmeti inaonekana salama. Hesabu iendeshwe angalau milisekunde 80, bora 100, na mchoro wa mnyooko uonyeshwe ukipanda, ukifika kilele na kuanza kushuka. Kama haujashuka, hesabu haijaisha.

Modeli yenyewe hujengwa kwa kuukata ubongo, ndani ya kompyuta, vipande vidogo viitwavyo elementi. Ubongo wa lita 1.3 ukikatwa vichemraba vya milimita 3 kila upande unatoa elementi 48,000 hivi. Hatua ya wakati inapatikana kwa kugawa milimita 3 kwa kasi ya mshindo, inakuwa mikrosekunde 2.1, basi milisekunde 100 ni hatua karibu 47,000. Ukipunguza elementi kuwa za milimita 1.5, idadi inakuwa mara nane na hatua mara mbili: kazi mara kumi na sita. Fuvu tulifanye gumu lisilopinda, la sivyo mfupa, ambao mshindo ndani yake hukimbia zaidi, utaipunguza hatua hiyo kwa nusu bila faida kwa swali la mzunguko. Kompyuta ya mezani yenye kumbukumbu ya gigabaiti 16 inaibeba kazi ya milimita 3. Programu za bure zipo: 3D Slicer kwa kuchora mipaka ya ubongo kutoka picha za MRI, FEBio kwa hesabu za tishu laini, OpenRadioss, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2022, kwa migongano. Programu iamrishwe kuhifadhi hali ya hesabu kila milisekunde 5 za modeli. Umeme ukikatika usiku, asubuhi mnaendelea mlipoishia.

Umbo la elementi lina siri yake. Elementi za pembe nne, zile piramidi rahisi ambazo programu huzimwaga zenyewe, zikiambiwa zisibadili ujazo hujifunga. Ubongo unaonekana mgumu kuliko ulivyo na mnyooko unasomeka mdogo. Dawa ya haraka ambayo wengi huikimbilia ni kushusha uwiano wa Poisson (namba inayoonyesha kitu kinavyokataa kubadili ujazo, 0.5 ikiwa hakibaniki kabisa) hadi 0.45 ili hesabu ilainike. Hapo ugumu wa kubanwa unakuwa mara 10 tu ya ugumu wa kombo, badala ya mara milioni mbili, na ubongo unanywea kama sponji. Hata 0.49 inatoa mara 50. Angalau ianzwe na 0.4995 na kupanda, elementi ziwe za pembe nane, yaani umbo la mchemraba, au za pembe nne za daraja la pili. Za pembe nane zenye nukta moja ya hesabu nazo zina ugonjwa wao: hujipinda umbo la saa ya mchanga bila kutumia nishati yoyote, na programu inazizuia kwa nguvu za bandia. Nishati ya nguvu hizo isizidi asilimia 10 ya nishati ya ndani, nayo ipimwe kwenye ubongo peke yake. Ikijumlishwa na foromu ya helmeti itafichika, maana foromu inakula nishati nyingi mno.

Sasa namba za tishu. Zinazozunguka zaidi ni za Miller na Chinzei za mwaka 2002, zilizopimwa kwenye ubongo wa nguruwe: modeli ya Ogden, fomula ya tishu laini zinavyobadilika umbo, yenye μ (ugumu wa kombo) ya paskali 842 na α (namba ya umbo la mchoro wake) ya −4.7, pamoja na ulegevu, yaani sehemu ya ugumu inayopotea muda ukipita, wa 0.450 kwa nusu sekunde na 0.365 kwa sekunde 50. Alama ya kutoa haikukosewa. Ndiyo inayoeleza kwa nini ubongo ni mgumu zaidi ukibanwa kuliko ukivutwa, tabia ambayo modeli rahisi zaidi haziionyeshi.

Tabu ni kwamba programu haziandiki fomula ya Ogden kwa namna moja. Moja inaweka 2μ/α² mbele ya mabano, na hizo 842 ni za namna hiyo. Nyengine inaweka μ/α. Katika hii ya pili, namba inayotakiwa kuingizwa ni −358. Ukiingiza 842 kama ulivyoikuta, ugumu wako wa mwanzo unakuwa nusu ya 842 mara −4.7, yaani hasi ya paskali 1,979: tishu ambayo ukiisukuma inakuvuta. Programu italipuka katika hatua za mwanzo, na hiyo ni bahati, kwani umejulishwa. Inayotutisha ni namna ya tatu, yenye μ/α² bila ile 2. Ukiingiza 842 humo, hakuna kinacholipuka. Ubongo unakuwa laini nusu ya ulivyopimwa, na hakuna atakayejua mpaka mtu afanye jaribio dogo: mchemraba mmoja wa elementi moja, usukumwe kombo kwa asilimia 1, msongo (nguvu kwa eneo) ugawanywe kwa 0.01. Jibu liwe 842. Dakika tano. Wakati huo huo vipimo vya uzito na urefu vikaguliwe. Anayefanya kazi kwa milimita na tani, msongo wake unasomeka kwa megapaskali, basi 842 inakuwa 0.000842 na uzito wa tishu unakuwa 1.04 gawanya kwa bilioni.

Kuna kosa jengine katika namba hizo hizo, na limo hata katika kazi zinazosifiwa. Ulegevu wake wa haraka kabisa ni wa nusu sekunde. Zilipimwa kwa ajili ya upasuaji, ambapo kisu na kibano vinakwenda polepole, na daktari anataka kujua ubongo umehama kiasi gani fuvu lilipofunguliwa. Kwa kazi hiyo ni nzuri sana. Gonga la bodaboda lote limekwisha kabla ulegevu huo haujaanza, na ugumu wa ziada ambao tishu huonyesha kwa kasi hiyo haumo kabisa. Kwa helmeti zitafutwe namba zilizopimwa kwa milisekunde. Aidha, mwaka 2017 Silvia Budday na wenzake walipima michemraba ya milimita 5 ya ubongo wa binadamu na kukuta gamba la nje ndilo gumu kuliko yote, na daraja la nyuzi linalounganisha nusu mbili za ubongo ndilo laini kuliko yote. Kuupa ubongo mzima namba moja ni kuanza tu.

Mipaka isisahaulike. Kati ya nusu mbili za ubongo kuna utando mgumu unaoning'inia kutoka fuvuni. Modeli isiyokuwa nao, kichwa kikizungushwa kwa ubavu, inaonyesha mnyooko mahali pasipo pake. Ubongo ukigundishwa moja kwa moja na fuvu, mwendo wake unapungua. Ukiachwa uteleze bila kizuizi, unazidi. Maji ya ubongo yapo katikati, na yawekwe hivyo, tabaka laini lisilobanika.

Tukija kwenye uthibitisho, tunaomba wasimamizi wa miradi ya wanafunzi watuvumilie. Wengi hulinganisha modeli yao na jaribio la Nahum la mwaka 1977, lililopima shinikizo ndani ya fuvu la maiti lililogongwa kwenye paji la uso, mistari inapandana, modeli inatangazwa kuwa imethibitika. Shinikizo hilo linategemea mchapuko wa fuvu na ugumu wa kubanwa. Ugumu wa kombo ukiukosea mara kumi, shinikizo halitabadilika kwa maana yoyote. Wa kulinganishwa nao ni majaribio ya Hardy na wenzake wa Wayne State, ambao walipanda alama ndogo ndani ya ubongo na kuzifuatilia kwa eksirei ya kasi. Zilisogea milimita chache, kufikia 5 hivi. Modeli inayokosa milimita hizo haina haki ya kusema lolote juu ya mnyooko.

Na mnyooko gani unaumiza? Bain na Meaney, mwaka 2000, walivuta mishipa ya fahamu ya macho ya simbilisi (guinea pig) na kukuta nyuzi zinaanza kupoteza kazi zikinyooka 0.18 na kuharibika umbo kwenye 0.21. Tunaitumia 0.2 kulinganisha helmeti mbili ndani ya modeli ile ile. Kuitumia kumwambia mtu fulani atapona au hataumia ni kuibebesha namba mzigo ambao haikupimwa kwa ajili yake.

Lipo jambo moja ambalo nchi zilizotengeneza modeli hizi hazikulipima kwa ajili yetu, nalo linapimika hapa. Abiria wengi wa kike wanavaa helmeti juu ya ushungi, na wanaume wengi juu ya kofia. Kichwa kinapoteleza kidogo ndani ya helmeti, mzunguko unaofika kwenye ubongo hupungua, na kiasi cha kuteleza kinategemea msuguano kati ya kitambaa na bitana. Katika modeli hiyo ni namba moja, na kila mtu anaikisia. Tusikisie. Kata kipande cha bitana cha helmeti, kibandike kwenye ubao. Funga kitambaa kwenye kipande cha mbao chenye uzito wa kilo moja, kiweke juu, inua ubao taratibu mpaka mbao ianze kuteleza, soma pembe. Nyuzi 17 ni msuguano wa 0.31, nyuzi 31 ni 0.60. Rudia mara kumi kwa kila kitambaa, pamba kando, hariri kando, na mchanganyiko wa nailoni kando. Kisha endesha modeli kwa thamani ya chini na ya juu, ukanda wa kidevuni ukiwa umefungwa kwenye zote mbili, kwani helmeti isiyofungwa inayoteleza juu ya hariri inaondoka kichwani kabla ya gonga la pili.

Vitambaa vipimwe vikavu, halafu vipimwe tena vikiwa vimelowa jasho. Kwa joto la Februari, hivyo vya pili ndivyo vinavyopanda bodaboda.

Ni sisi,
Wakufunzi wa fizikia na uhandisi,
Chake Chake, Pemba